Kaneza na Kabati la Kanda

Nitasema mapema usije ukanihurumia: nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa akinidekia ofisi. Na wivu wenyewe si wa mume, maana mume wake alifia njiani wakati wa kukimbia, na wa kwangu hakuna aliyekuwa anamtaka. Nilimwonea wivu wa akili. Yeye jina lake Kaneza, Mrundi wa Muyinga, mkimbizi wa kambini. Mimi ni Adelfina wa Kirushya, Mhangaza, mwenye cheti cha kompyuta cha Mwanza na funguo za chumba cha mashine. Pima mwenyewe nani alipaswa kumwonea wivu mwenzake.

Mwaka ulikuwa 2002. Ofisi yetu ilikuwa Ngara mjini na kazi yake ilikuwa kuandikisha wakimbizi: jina, kilima alikotoka, watu wa nyumba yake, namba ya kadi ya chakula. Majina yote yalikaa kwenye kompyuta moja kubwa tuliyoiita seva, na nakala za akiba zilikaa kwenye kanda. Ni kanda kama za redio, ila nene, kila moja ukubwa wa nusu mche wa sabuni. Kanda hizo ziliishi ndani ya mashine ndefu yenye rafu. Ilikuwa na midomo miwili ya kusomea, mmoja juu mmoja chini, na mkono wa chuma uliochomoa kanda rafuni na kuulisha mdomo. Wataalamu waliiita kwa Kizungu. Mimi niliiita Kabati, na ofisi nzima ikafuata. Hata bosi, Bwana Laurian, Mhaya wa Kamachumu mwenye sauti ya kusomea somo kanisani, alikuwa anagonga mlango kabla ya kuingia chumbani kwangu. Ah, nilijisikia! Nilitembea na zile funguo shingoni kama rozari.

Kila Ijumaa kanda sita zilipanda gari kwenda Biharamulo, zikatunzwe kwenye stoo ya misheni, ili ofisi ikiungua majina yasiungue yote. Jumatatu, zile za wiki iliyopita zilirudi. Dereva alikuwa Frednand, mtu wa Nyakisasa, mpole, asiyejua kumkatalia mtu. Utaratibu ulisema sanduku la kanda likae mbele, kwenye kiti, karibu na dereva. Mimi nilikuwa nasaini fomu kwamba limekaa mbele. Kama kweli lilikaa mbele sikwenda kuangalia, maana kiti cha mbele siku zote kilikuwa na mgonjwa, au sista, au mama mwenye kichanga anayeomba lifti.

Kaneza aliletwa kwetu kufanya usafi na kutafsiri Kirundi. Sheria haikuruhusu mkimbizi kuajiriwa, kwa hiyo alipewa kile walichokiita motisha, na jioni anarudi kambini kwa gari la ofisi. Alinizidi miaka miwili, lakini yeye aliniita dada Adelfina na mimi nilimwita Kaneza, basi. Alikuwa mrefu, mwembamba, kitenge kimoja cha kijani wiki nzima, kisafi kila siku. Alisoma hadi darasa la nane kwao. Vita vilipoanza mwaka 1993 alivuka mpaka na mkwewe, bibi asiyeona, akimshika mkono kilima baada ya kilima. Mumewe alikuwa nyuma yao akija na mbuzi. Hakufika yeye, wala mbuzi.

Kambini, mwaka ule wa kuhara, watu wa afya walimweka kwenye chemchemi yenye mabomba, na daftari. Kazi yake ilikuwa kumuuliza kila anayekuja na dumu: unatoka nyumba ipi, nyumbani nani anaumwa. Wiki mbili hivi. Madaktari walikuwa wanapima matumbo ya watu, yeye akawaambia wapime bomba la tatu, kwa sababu wagonjwa wote, au jirani waliyeazima kwake maji, walichota bomba la tatu. Wakalifunga. Kuhara kukapungua. Hayo alinisimulia mwenyewe akipanga vikombe, bila kujisifu, na hayo ndiyo yaliyonichoma kwanza. Mimi ningekuwa nimefanya jambo kama hilo, Ngara nzima ingenitambua hadi mbwa.

Mwanzoni aliniuliza maswali. "Dada, huu mkono unajuaje kanda ni ipi?" Nikamjibu kama ninavyomjibu mtoto. Baada ya mwezi alikuwa anajua namba za kanda zote kwa kichwa. Bibi mmoja alikuja analia, kadi imeibwa. Mimi bado naingoja seva ifunguke, Kaneza kutoka kwenye ndoo yake akataja namba ya ile kadi. Bosi alikuwa amesimama mlangoni. "Kaneza," akasema, "wewe una kichwa!" Tangu siku ile hakuna kikao kilichokwisha bila bosi kuuliza, "Na Kaneza anasemaje?" Roho ilikuwa inaniuma mpaka chai inakosa sukari mdomoni. Nilijua sheria haimruhusu kuchukua kazi yangu hata angekuwa na vichwa viwili. Nilijua, na haikunisaidia.

Basi, mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, Kabati likaanza kugoma. Mdomo wa chini ulikuwa unameza kanda, unakoroma, halafu unaitema na taa ya njano inawaka. Nikafanya nilivyofundishwa: nikaulisha kanda ya kusafishia. Ukapona siku mbili. Ukagoma tena. Nikasafisha tena. Baada ya wiki mdomo wa juu nao ukaanza. Nikampigia fundi Dar es Salaam, akanipa kipimo: hamisha kanda kutoka mdomo mmoja kwenda mwingine. Hitilafu ikifuata kanda, basi kanda ndiyo mbovu. Hitilafu ikibaki pale pale, mdomo ndio mbovu. Nikahamisha. Leo inafuata kanda, kesho inabaki mdomoni, keshokutwa zote mbili. Nikachapa orodha ya hitilafu, nikaitazama, nikaitupa kwenye ndoo ya takataka. Nikachapa nyingine, nikatupa.

Mwezi wa tisa mvua za kwanza zikaja na radi yake, na radi ya Ngara huijui kama hujaisikia. Ikapiga nguzo, ikapita kwenye waya, ikaua seva. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu kufika siku ya mgao wa chakula, na mgao hauendi bila orodha. Seva mpya ikaletwa kwa ndege siku ya nne. Bosi akagonga mlango. "Adelfina, turudishie majina."

Kanda sita zilizotakiwa, tatu zikagoma.

Bosi hakufoka. Angefoka ningelia yakaisha. Alisema tu kwamba makao makuu wanataka maelezo kwa maandishi, nani ameharibu kanda, na kwamba ile nafasi ya msimamizi wa kumbukumbu niliyokuwa naingojea inasubiri maelezo hayo. Hapo ndipo nilipomwona Kaneza kwenye korido, anainama na tambara lake, na ulimi wangu ukatangulia.

"Bosi, ni maji. Kaneza anamwagia maji sakafuni kutuliza vumbi kama yuko jikoni kwake. Mvuke unaingia kwenye kanda."

Ni kweli alikuwa ananyunyiza maji. Kila mwanamke wa huku ananyunyiza maji kabla ya kufagia, mama yangu ananyunyiza, mimi mwenyewe nyumbani nanyunyiza. Bosi akamwita. Kaneza akasimama mikono nyuma. Akaambiwa asiingie tena chumba cha mashine, adeki korido na baraza tu, na mwisho wa mwezi atarudi kambini, ofisi itatafuta mwingine.

"Sawa, mzee," akasema. Akanitazama mara moja. Akachukua ndoo.

Sasa sikia aibu: siku nne Kaneza hajakanyaga mle ndani, sakafu kavu kabisa, na Kabati linagoma vile vile. Niliona. Nikanyamaza. Kanda ya kusafishia nilikuwa nimeitumia mara nyingi kuliko ilivyoandikwa kwenye ganda lake, nikawa nalisha midomo uchafu ule ule, sawa na kudeki nyumba nzima kwa ndoo moja ya maji. Hilo nalo sikumwambia mtu.

Jumamosi mchana nipo nyumbani, nimebandika ndizi na maharage jikoni, nikasikia hodi. Ni Kaneza, na bahasha. Alikuwa ameomba ruhusa ya kuja sokoni.

"Karibu," nikasema, sura imekunjamana.

"Asante, dada. Sikai." Lakini akakaa, kwenye kigoda, akatoa karatasi. Mama wee! Zilikuwa orodha zangu za hitilafu, zile nilizotupa. Alikuwa ameziokota kwenye ndoo ya takataka, akazinyoosha, akazipanga kwa tarehe. Pembeni ya kila siku alikuwa ameandika kwa kalamu kanda ipi iliingia mdomo upi. Chini ameandika kanda ipi ilikuwa imetoka safari, na hilo alilipata kwa Frednand.

"Tazama hapa, dada. Kanda ambazo hazijawahi kwenda Biharamulo, hakuna hata moja iliyougua kwanza. Zinaugua zikiingia kwenye mdomo ambao kanda ya Biharamulo imetoka. Huu ni ugonjwa wa kuambukiza. Kanda ya safari inauchafua mdomo, mdomo unaichafua kanda ya nyumbani. Ndiyo maana kipimo cha fundi kilikuchanganya. Ulikuwa unahamisha mgonjwa huku unamwambukiza na muuguzi."

Nilitazama. Ilikuwa wazi mpaka nikataka kumpiga kofi. Wiki tano nimekesha nikiwaza kitu ambacho huyu amekisoma kwenye takataka zangu.

"Kwa hiyo ni vumbi la barabara," nikasema, nijifanye nami nimo.

Akatoa mfukoni tambara lake jeupe, likiwa limekunjwa. "Juzi nilimwomba Frednand nilifute sanduku kwa nje na kwa ndani, pale barazani, ndiko nilikoruhusiwa." Akalifungua. "Barabara yetu vumbi lake ni jekundu, dada."

Tambara lilikuwa jeusi.

Halafu akatazama jiko langu. Akatazama gunia lililoegemea ukuta, limefungwa kwa kamba na majani juu. Wakati ule Ngara kuni zilikuwa zimekwisha, vilima vimenyolewa, na mkaa wa kwetu ulikuwa chenga tupu. Mkaa mzuri ulitoka upande wa Biharamulo. Ulipatikana Nyakahura, pale magari yanapongoja polisi wa kusindikiza msafara kwa sababu ya majambazi.

"Dada Adelfina," akasema taratibu, "mkaa huu unaletewa na nani?"

Alikuwa anajua. Kila Jumatatu Frednand aliniletea gunia langu, nyuma ya pikapu, na sanduku la kanda lenye mfuniko usiobana likiwa chini yake, mashimo yote ya barabara kutoka Nyakahura hadi mjini. Unga mweusi ule, laini kuliko poda, ulikuwa unachekechwa juu ya majina ya watu elfu na elfu. Na juu ya fomu kuna saini yangu kwamba sanduku limekaa mbele. Nyani haoni kundule, wallahi. Mimi niliyesema maji ya Kaneza.

"Umemwambia bosi?" nikauliza.

"Hapana. Nimekuja kwako kwanza. Mkaa sitautaja, kila mtu ana jiko. Nenda umwambie wewe, ni mashine yako. Sanduku lifungwe kwenye nailoni, likae mbele kweli. Iletwe kanda mpya ya kusafishia, usafishe midomo yote miwili, uanze na kanda za nyumbani, za safari zije mwisho, moja moja, na kila moja ikitoka usafishe tena. Majina yatarudi." Akakunja tambara. "Mimi nakuomba kimoja. Mwambie haikuwa maji yangu. Mkwe wangu anakula kwa hii motisha, na mimi sijawahi kufukuzwa mahali kwa uharibifu."

Mtu mwenye roho nzuri angelia pale. Angemshika mikono. Mimi nilikaa na mwiko mkononi, nikaona kijicho kinanipanda. Alikuwa amenishika pabaya, angeweza kunimaliza, na hakutaka! Hata wema ulikuwa wake! Kwa hiyo mimi nibaki na nini? Nikasema, "Nimesikia, Kaneza." Sikumpa hata ndizi moja.

Jumatatu asubuhi nikagonga mlango wa bosi na zile karatasi. Nilikuwa nimezinakili upya kwa mwandiko wangu, Jumapili nzima baada ya misa. Nikaeleza ugonjwa wa kuambukiza, neno kwa neno. Nikasema vumbi la barabara. Bosi alisikiliza mdomo wazi. Kanda ya kusafishia ikaja na ndege ya Jumatano. Nikafanya kama Kaneza alivyosema, hatua kwa hatua, na kila kanda iliyosoma mpaka mwisho niliisikia kama msumari. Tano zikasoma mara ya kwanza. Ya sita iligoma mara tatu, mara ya nne ikasoma. Orodha ikachapwa, mgao ukafanyika siku yake, hakuna aliyelala njaa kwa ajili ya gunia langu.

Ijumaa bosi akaita kikao. Watu wote, madereva, makarani, walinzi. Kaneza alikuwa mlangoni na birika la chai, zamu yake ya mwisho kabla ya mwisho wa mwezi. Bosi akanisifu kwa ile sauti yake ya kanisani. Akasema nafasi ya msimamizi wa kumbukumbu imepata mwenyewe. Wakapiga makofi. Frednand hakupiga, alikuwa anatazama viatu vyake.

Halafu bosi akauliza, na aliuliza kwa nia njema, "Na yale maji ya Kaneza? Yalikuwa na kosa kweli?"

Chumba chote kikanigeukia. Lilikuwa neno moja tu. Hapana. Herufi sita. Nilimwona Kaneza amesimamisha birika, chai haimwagiki, anangoja. Uso wake ulikuwa umetulia, ananiamini! Na ule utulivu ndio ulionikasirisha. Nikafikiria akirudi mle ndani na tambara lake, na bosi akianza tena na "Kaneza anasemaje", na mimi msimamizi mzima nikimtazama anasoma mashine yangu kuliko mimi.

"Maji nayo yalichangia, bosi," nikasema.

Akamimina chai. Alimimina vikombe vyote mpaka changu, hakumwaga hata tone. Mwisho wa mwezi akapanda gari la kambini na kitenge chake cha kijani, na hakurudi.

Nilikaa kwenye ile nafasi. Mtu anaweza kukaa, usidanganywe. Frednand aliacha kuniletea mkaa bila kuambiwa, na kwenye shikamoo zake aliongeza "bosi", lakini hakunisimulia tena habari za njiani. Nilipika kwa chenga. Kabati lilisoma vizuri miaka miwili, na kila liliposoma nilimkumbuka.

Mwaka 2004 Warundi wakaanza kurudi kwao kwa malori. Kazi ya kuwaondoa kwenye orodha ilikuwa yangu, kwa hiyo asubuhi ya malori mimi nakaa mezani kambini, mtu anafika, nataja jina, natia alama, anapanda. Nilijua namba yake iko siku ile. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku wa jana yake, na juzi yake, na miaka miwili kabla yake, nilikuwa nimeyapanga maneno.

Alikuja amemshika mkwewe mkono.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule bibi, macho yake juu ya kichwa changu.

Kaneza akaweka kadi mezani. "Kabati linasoma, dada?"

"Linasoma."

"Vizuri."

Yale maneno yote niliyoyapanga, unajua nilisema nini? Nilisema, "Mna mizigo mingapi?"

"Miwili." Akangoja nitie alama. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, kama anayeuliza njia: "Dada Adelfina, mimi nisingeweza kukaa kwenye kiti chako hata ningetaka. Sheria ilikuwa hairuhusu, na wewe ulijua. Ulikuwa unaogopa nini?"

Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu. Nikatia alama. "Safari njema," nikasema.

"Musigare amahoro," akajibu kwa Kirundi, na Mhangaza hahitaji mkalimani wa hilo. Bakini na amani.

Akampandisha kwanza mkwewe, wanaume wawili wakimvuta juu. Halafu akapanda yeye. Lori lilikuwa limejaa, magodoro, sufuria, kuku kwenye matenga, mahali pa kuweka mguu hapaonekani. Na mara sauti zikaanza, huku na huku: "Kaneza, njoo hapa!" "Hapana, akae kwetu, nimemwekea!" Wanawake watatu wakawa wanagombana kabisa, wanasukumana, kila mmoja anakusanya miguu yake ili Kaneza apate pa kukaa. Yeye anacheka. Mimi nilikuwa na meza, na mhuri, na mwavuli wa ofisi juu ya kichwa, na kiti kitupu pembeni yangu ambacho tangu asubuhi hakuna karani aliyetaka kukikalia. Nikasimama pale, mtu mzima, nikamwonea wivu.